Kumtetea mtu si kumsemea: dhana potofu kuhusu kazi ya kuwasaidia walio katika mazingira magumu

Chumba kilikuwa na meza moja na viti vitatu. Mama mmoja alikuwa ameitwa aeleze kwa nini asikatiwe msaada, nami nilikaa pembeni yake kama mtetezi. Afisa akafungua faili, akanitazama mimi, akauliza, "Anatumia dawa gani?" Nikamgeukia mama, akajibu mwenyewe. Swali la pili likaja kwangu tena, na la tatu vilevile. Nikasogeza kiti nyuma kidogo, nikainamia daftari. Afisa alipokosa macho ya kuzungumza nayo upande wangu, ikambidi amtazame mwenye shauri. Kuanzia hapo mazungumzo yakawa ya mama.

Watu wanaotaka kuingia kwenye kazi hii, na hata baadhi ya waliomo, hushangaa nikiwaambia kwamba siku ile sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kusogeza kiti. Wamezoea kusikia mengine.

"Mtetezi ni sauti ya wasio na sauti"

Usemi huu unatolewa kwa nia njema, na ndio unaoharibu kuliko mingine yote. Watu wasio na sauti kabisa ni wachache mno. Wengi wanayo, ila hawasikilizwi, au wanahojiwa kwa lugha wasiyoielewa, au wameambiwa kwa miaka mingi kwamba hawajui lililo jema kwao mpaka wameacha kusema. Kazi ya mtetezi ni kuhakikisha kwamba anachokitaka mtu huyo kinafika mezani kama alivyokikusudia.

Waliolisema hili mapema ni wahusika wenyewe. Mwaka 1974, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, watu wenye ulemavu wa akili walikuwa wakiandaa mkutano wao. Mmoja wao akaeleza kwamba amechoka kutambulishwa kwa ulemavu, anataka ajulikane kwanza kama mtu. Kundi lile likajiita People First, yaani "watu kwanza". Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, uliliweka jambo hilo katika lugha ya sheria. Ibara yake ya 12 inasema watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kwamba msaada wanaopewa katika kuutumia uwezo huo uheshimu haki zao, utashi wao na wanayoyapendelea.

Ugumu unaanza pale anachokitaka ni kile ambacho wewe usingekichagua. Niliwahi kumhudumia mzee aliyekuwa karibu kupoteza uwezo wa kuona kabisa. Watoto wake na wauguzi walikubaliana kwamba ahamie kwenye makao ya wazee, na moyoni nilikuwa upande wao. Nikamuuliza ni kitu gani hasa kinamtisha huko. Akanyoosha mkono, akaupitisha hewani polepole kama anayepapasa ukuta. "Kwangu najua kuta zote kwa mkono," akasema. "Kule usiku nitakuwa kipofu." Niliyaandika maneno yake yalivyo, sikuongeza langu, naye akayasema tena kikaoni. Swali la kikao likabadilika. Badala ya kujadili ahamishwe lini, wakaanza kuulizana nini kinahitajika ili awe salama nyumbani: vishikio ukutani, mtu wa kumjulia hali asubuhi, simu yenye vitufe vikubwa. Alirudi kwake. Baadaye alianguka mara moja, akatibiwa, akaulizwa upya, akachagua kubaki. Bado nina wasiwasi naye, na wasiwasi wangu haunipi haki ya kumwamulia.

"Ukiwa na huruma inatosha"

Huruma ndiyo inayokuleta mlangoni. Ukishaingia unahitaji ujuzi, na mwingi wake hauna mvuto wowote: kusoma barua ya kunyimwa huduma mpaka mstari wa mwisho, kwa kuwa tarehe ya mwisho ya kukata rufaa huwa imejificha huko chini, kuandika jina la kila uliyezungumza naye kwenye simu na saa mliyozungumza, kujua shauri lipi si lako na ni nani wa kumpa.

Kisha kuna uandishi wa maelezo kwenye faili, ambao naupa uzito kuliko watu wengi ninaofanya nao kazi. Ukiandika "mteja alikuwa mkali", neno hilo litamfuata kila ofisi atakayokwenda. Atakayemhoji mwakani atalisoma kabla hajamwona na kumpokea kwa tahadhari, na mteja akihisi anapokewa hivyo atakuwa mkali kweli. Andika ulichokiona na kukisikia: "Alipaza sauti mara mbili, akauliza ni lini atajibiwa. Ni mara ya nne kufika kwa shauri hilihili." Kwa sentensi hizo, msomaji anaona mtu aliyechoshwa na kungoja. Mimi huandika kila maelezo nikijua mhusika anaweza siku moja kuomba kuyasoma, na mara nyingine namsomea palepale kabla sijafunga daftari.

Dhana nyingine inazaliwa na hii ya huruma: kwamba aliyepatwa na janga lazima asimulie yote ndipo apate nafuu, kwa hiyo tumchimbe. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliochapishwa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2011 unaelekeza vingine. Hatua zake ni tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Hatakiwi mtu kushinikizwa aeleze yaliyompata. Aulizwe anahitaji nini sasa, asikilizwe kama anataka kusema, aunganishwe na ndugu zake na huduma. Huenda anachokihitaji saa ile ni blanketi, au kujua mwanawe yuko wapi.

"Siri ya mteja haitoki kamwe"

Hutoka pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini, na hasa mtoto anapohusika. Kosa kubwa ni kumwacha mteja aligundue hilo akiwa ameshafunguka. Mimi husema mapema, kabla hajaanza: "Utakayoniambia hayatoki nje ya huduma hii bila ridhaa yako, isipokuwa nikiona wewe au mtu mwingine yuko hatarini. Ikifika hapo nitajitahidi kukuambia wewe kwanza." Wapo wanaonyamaza baada ya kusikia hivyo. Wana haki ya kuchagua waseme nini huku wakijua yatakwenda wapi.

Hapohapo watu hukwama kwenye jambo la kujiua. Wanaamini ukimuuliza mtu moja kwa moja unamtia wazo kichwani. Si kweli, na Shirika la Afya Duniani limelieleza hilo waziwazi: kuuliza hakuchochei kujiua, na mara nyingi humpunguzia mtu wasiwasi na kumfanya ahisi ameeleweka. Kwa hiyo uliza kwa utulivu, kwa maneno ya wazi, "Je, unawaza kujiua?" Akisema ndiyo, usimwache peke yake, usimwahidi kuificha siri hiyo, na mfikishe kwa mtaalamu siku hiyohiyo.

"Kama anapigwa, kwa nini asiondoke tu?"

Swali hili huniumiza, kwa sababu linamhoji aliyeumizwa na kumwacha aliyeumiza. Kipindi cha kuondoka na siku zinazofuata ni miongoni mwa vipindi vya hatari zaidi kwa anayekimbia ukatili wa nyumbani, kwani mtesaji anaona anapoteza udhibiti. Mtumishi anayemhimiza mtu aondoke leo bila maandalizi anaweza kumsogeza karibu na kifo. Kinachofanyika ni mpango wa usalama, kwa mwendo wake mwenyewe: vitambulisho na vyeti vya watoto viwekwe wapi, ni nani wa kuaminika, namba ipi ya simu aishike kichwani, neno gani akilituma jirani ajue aite msaada. Hata kipeperushi humpi kabla hujamuuliza kama mkoba wake hupekuliwa.

"Kazi ya hisani haina mshahara, pesa zote ziende kwa walengwa"

Mwaka 2013 taasisi tatu za Marekani zinazowapa wachangiaji taarifa za mashirika, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, zilitoa barua ya wazi zikisema kwamba asilimia ya gharama za uendeshaji, ikiwa peke yake, ni kipimo kibaya cha ubora wa shirika. Nakubaliana nazo kabisa. Mafunzo ni gharama za uendeshaji. Kabati la faili linalofungwa kwa ufunguo ni gharama za uendeshaji. Na kumchunguza mwombaji kazi kabla ya kumkabidhi watoto nako ni gharama za uendeshaji, ingawa wapo wanaosema mtu wa kujitolea ni mwema tayari. Penye watu dhaifu na msaada wa kugawa, wenye nia mbaya nao huja. Ndiyo maana tangu mwaka 2003 kanuni za Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa zinapiga marufuku wafanyakazi wake kubadilishana msaada kwa ngono, na kufanya ngono na yeyote aliye chini ya miaka 18.

Kuhusu uchovu nitasema kidogo tu. Kuumizwa na simulizi za wengine hakumaanishi huna wito. Wanasaikolojia McCann na Pearlman waliandika juu ya hilo mwaka 1990, wakieleza jinsi kazi ya kusikiliza waliojeruhiwa inavyombadilisha msikilizaji namna anavyouona ulimwengu. Ukiona umeanza kuwakwepa wateja fulani, au unabeba mafaili kwenda nayo nyumbani, zungumza na msimamizi wako wiki hii.

"Ukifanya vizuri watakutegemea"

Mama yule wa chumba cha viti vitatu aliitwa tena baada ya miezi kadhaa. Tulijiandaa wote wawili: tulipanga karatasi zake kwa tarehe, akajizoeza majibu kwa sauti, akaandika maswali matatu yake mwenyewe. Tulipofika mlangoni akachukua faili kutoka mkononi mwangu. "Leo nisubiri hapa, mwanangu," akasema. "Nikikwama nitakuita."

Nilikaa kwenye benchi la korido dakika arobaini. Hakuniita.