Kutomea ni nini?

Ukimsikia fundi wa Lamu akisema ukuta umeshatomewa, usidhani amemaliza kupiga lipu. Lipu hata hajaianza. Kutomea ni kuziba nafasi zilizobaki baina ya mawe ya ukuta kwa vijiwe vidogo vidogo na chokaa, kabla lipu haijapakwa. Siku hizi wengi huyachanganya maneno haya. Kukandika ni kwa udongo, kwenye nyumba ya miti na fito. Kutomea ni kwa nyumba ya mawe. Lipu ndiyo kanzu ya juu, ile ambayo wageni huipiga picha.

Kazi hii imeletwa na jiwe lenyewe. Nyumba za Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, zimejengwa kwa matumbawe. Tumbawe lina matundu, mabonde na pembe za ajabu. Ukiweka mawili ubavu kwa ubavu, hapakosi mwanya wa kuingia ngumi. Ukiujaza mwanya huo kwa chokaa tupu, nje itashika, ndani itabaki laini, kisha itanywea na kupasuka. Ukitia kijiwe, chokaa hubaki nyembamba pande zote na hushika vizuri.

Kwa nini iwe nyembamba? Kwa sababu chokaa haigandi kwa kukauka tu. Tumbawe likichomwa tanuuni kwa joto la nyuzi 900 hivi, hupoteza hewa ya ukaa, likabaki jiwe jepesi linalotokota ukilimwagia maji. Hiyo ndiyo chokaa. Ikishafika ukutani, huivuta tena hewa ile ile, pole pole, mpaka inarudi kuwa jiwe. Hewa haifiki haraka kwenye tonge nene.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katika msana, ule ukumbi mrefu, wa nyumba ya ami yangu, nikimtazama fundi kwa asubuhi nzima. Kwanza alifagia vumbi, akaunyunyizia ukuta maji mpaka ukabadilika rangi, maana jiwe kavu huinyonya chokaa maji yake yote. Akarusha tonge kwa mwiko ndani ya mwanya. Kisha akapekua karai la kokoto kama mtu anayechagua mchele, akatoa moja, akaijaribu, akaitupa, akatoa nyingine. Iliyofaa akaisukuma kwa kidole gumba, akaigonga mara mbili kwa ncha ya mpini wa mwiko, chokaa ikatoka pembeni. Akaikwangua na kuirudisha karaini. Mpaka adhuhuri alikuwa amemaliza kipande kisichozidi mlango.

"Mwanangu, kijiwe kikikataa usikilazimishe," aliniambia. "Kina mwanya wake."

Ukuta ule ulikuwa umewahi kupigwa lipu ya saruji na fundi mwingine, bila kutomewa. Ulipendeza, sikatai, laini kama sahani. Lakini ukuta wa tumbawe hunywa unyevu kutoka ardhini na hewani, na chokaa huuachia utoke tena. Saruji ni nzito, inauzuia. Unyevu ukakaa nyuma yake pamoja na chumvi, na chumvi ikikauka huumuka na kubandua. Masika mawili tu yalitosha: ukigonga kwa kifundo cha kidole ulisikia ko-ko, kama mlango wa kabati, na vipande vikaanza kuanguka kwenye jamvi. Ilipobanduliwa, iling'oka na nyuso za mawe. Hasara hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana lipu hupakwa upya, jiwe halirudi.

Kutomea hutumika pia bila kujenga upya. Ukuta wa zamani uliopoteza chokaa yake kwenye viungo huchokolewa, huoshwa, hutomewa tena. Hata zidaka za ndani, yaani vishubaka vya ukutani, zenye nakshi zilizokatwa katika lipu, hazina uhai mrefu ikiwa nyuma yake pana mashimo.

Nyumba ya ami bado haijapigwa lipu upya. Ukuta umejaa madoa madoa ya kokoto kama ngozi ya chui, na kila jirani anayepita huuliza fundi amekimbilia wapi. Hajakimbia. Huja kila baada ya siku mbili tatu, hubonyeza chokaa kwa ukucha, hutikisa kichwa, hunyunyiza maji kidogo, na kwenda zake kunywa kahawa.