Tempo, ufunguo na hisia: lebo za zaburi iliyorekodiwa zina maana gani?

Ukifungua maelezo ya zaburi iliyorekodiwa, mara nyingi utakuta kitu kama hiki: 68 BPM, G meja, tulivu. Lebo mbili za kwanza ni vipimo. Ya tatu ni maoni, hata kama aliyeyatoa ni kompyuta.

BPM ni idadi ya mapigo kwa dakika, yaani kipimo cha tempo (kasi ya wimbo). Ukigonga meza mara moja kila sekunde, uko kwenye 60. Watunzi walianza kuandika namba za namna hii baada ya Johann Maelzel kupata hataza ya metronomu, kifaa cha kugonga mapigo sawasawa, mwaka 1815. Kabla ya hapo waliandika maneno kama adagio (polepole) au allegro (kwa haraka), na mwimbaji akakisia mwenyewe. Siku hizi programu ndiyo inayohesabu, na kosa lake la kawaida ni kuzidisha au kugawa kwa mbili. Gitaa likichezwa mara mbili kwa kila pigo, wimbo wa 70 unaandikwa 140. Imba mstari mmoja huku ukigonga mguu, utajua ipi ni kweli.

Zipo pia zaburi zisizo na mapigo ya kuhesabu. Katika uimbaji wa Kigregori, ule wa kale wa Kanisa Katoliki, sehemu kubwa ya mstari hukaa kwenye noti moja, sauti ikapinda kidogo katikati na tena mwishoni. Mwendo unafuata usemi: mstari wenye maneno mengi unachukua muda mrefu zaidi, basi. BPM iliyobandikwa hapo usiijali.

Ufunguo unakuambia do, yaani noti ya msingi ya wimbo, iko wapi. G meja maana yake do ni G, na noti nyingine zote zinapangwa kutoka hapo. Meja na maina, aina mbili kuu za mpangilio wa noti, hutofautiana hasa kwenye noti ya tatu: katika meja iko nusu toni (hatua ndogo kabisa kwenye kinanda) nne juu ya do, katika maina iko tatu juu ya noti ya msingi. Hapa programu huchanganyikiwa, kwa kuwa C meja na A maina zinatumia noti saba zilezile. Sikiliza besi inapotua mwishoni. Kwa kawaida hapo ndipo nyumbani.

Kanda za zamani zina mtego wao. Kanda ikizungushwa haraka zaidi kwa takribani asilimia 6, wimbo mzima unapanda nusu toni na tempo inapanda nayo: zaburi iliyoimbwa kwa 68 katika G inasikika kama 72 katika G-sharp. Kwaya isiyo na kinanda nayo huweza kushuka taratibu, ikaanza G na kumalizia chini yake bila mtu kushtuka.

Tukija kwenye hisia, mambo yanakuwa magumu. Spotify, kwa mfano, ilikuwa na alama kati ya 0 na 1 ya kuonyesha jinsi wimbo unavyosikika wa furaha. Alama kama hiyo inatokana na sauti, na zaburi ni maneno kwanza. Zaburi ya 137 ni kilio cha watu waliopelekwa uhamishoni Babeli, lakini kundi la Boney M. walipoirekodi mwaka 1978 kama Rivers of Babylon, ilikuwa disko katika meja na watu waliicheza. Kwa kompyuta huo ni wimbo wa furaha. Upande wa pili, si kila maina ni huzuni. Zaburi nyingi za sifa katika uimbaji wa Kiyahudi ziko maina na zinachangamka.

Halafu zaburi yenyewe hugeuka njiani. Ya 13 ina mistari 6 tu: inaanza kwa kuuliza "hata lini" mara nne, inaishia kwa kumwimbia Mungu. Lebo moja ya "huzuni" inapoteza nusu ya pili, na "furaha" inapoteza ya kwanza. Kwa maoni yangu, rekodi nzuri ya zaburi hiyo ni ile ambayo ukiikata vipande viwili, kila kimoja kingepata lebo yake.

Kama unatafuta zaburi ya kuimba na wenzako, ufunguo peke yake hautakuambia kama mtaifikia. Nyimbo mbili za G meja zinaweza kupishana sana kwa noti ya juu zinayofikia: moja ikakomea D, nyingine ikapanda hadi G ya juu. Tafuta noti ya juu kabisa na ya chini kabisa, kisha shusha ufunguo ukibidi.