Spora za kale na mimea ya kwanza ya nchi kavu

Wanafunzi wanaofika kwenye maabara yetu hapa Dar es Salaam, ambako tunachambua spora (chembe ndogo za uzazi za mimea isiyo na mbegu) na chavua zilizomo katika makaa ya mawe ya bonde la Ruhuhu, huniuliza inawezekanaje kudai kwamba mimea iliota nchi kavu miaka milioni 470 iliyopita, ilhali Cooksonia, kisukuku cha mmea kinachoonekana kwa macho, kina umri wa takriban miaka milioni 430 tu.

Mimea ile ya mwanzo ilikuwa midogo na laini, nayo ilioza ikaisha. Spora zake zilisalia kwa sababu ukuta wake umejengwa kwa sporopolenini, dutu sugu ambayo hata asidi ya haidrofloriki, inayoyeyusha mchanga na udongo wa mfinyanzi uliomo katika sampuli, haiiharibu. (Asidi hiyo hupenya ngozi hadi mifupani, asiiguse mtu asiyefunzwa.)

Mabaki yakichujwa na kuwekwa chini ya hadubini, huonekana punje za kahawia, ndogo kuliko unene wa unywele, zilizoshikamana nne nne, na pengine zote nne zimefunikwa kwa utando mmoja. Hapo ndipo penye uzito wa hoja. Seli mama ikigawanyika kwa meyosisi, mgawanyiko unaopunguza kromosomu kwa nusu, hutoa seli nne. Mwani wa kijani ulio ndugu wa karibu wa mimea nao hugawanyika hivyo, lakini huweka ukuta wa sporopolenini kwenye zaigoti, yaani seli itokanayo na muungano wa gameti ya kiume na ya kike, si kwenye seli zitokanazo na mgawanyiko huo. Kuikinga kila spora dhidi ya ukavu na miale ya jua ni hitaji la kiumbe kinachotawanya spora zake hewani.

Claudia Rubinstein na wenzake walitangaza mwaka 2010 spora za namna hiyo kutoka Argentina, ambazo ndizo za miaka milioni 470. Hata hivyo, spora zilizotawanyika hazimtaji mzazi wake, na kwa sababu hiyo nauthamini zaidi ugunduzi wa Oman wa mwaka 2003, ambapo Charles Wellman na wenzake walipata, katika vipande vya mwamba vilivyotolewa kisimani, mabaki ya vifuko ambamo mmea hutengenezea spora, vikiwa vimejaa spora hizo, vya miaka milioni 450 hivi, vyenye kuta zinazofanana na za livawoti, mimea midogo isiyo na mizizi halisi.

Punje za Australia zilizotangazwa mwaka 2021, za miaka milioni 480, zina mpangilio usio thabiti, ulio kati ya mwani na mmea. Kwa maoni yangu, bila kifuko kilichozibeba, bado ni mapema kuziita spora za mimea.