Riwaya ya Kibiblia si hadithi ya Biblia

Jumamosi iliyopita kwenye jumuiya yetu dada mmoja alisimulia jinsi Akila, yule mshona mahema wa wakati wa Paulo, alivyouza mahema saba apate mahari ya kumwoa Prisila. Alisimulia vizuri mpaka wengine wakafuta machozi. Mzee mmoja akafungua Matendo ya Mitume 18, akapekua mbele, akarudi nyuma, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, hayo yako aya ya ngapi?" Hayapo. Yalitoka katika riwaya aliyokuwa ameisoma.

Riwaya ya Kibiblia ni hadithi ndefu ya kubuni ambayo mwandishi wake huchukua watu au nyakati za Biblia, akajazia yale ambayo Maandiko yameyanyamazia. Maana yake ni hiyo tu. Kinachonikera ni kuiita "hadithi ya Biblia", kana kwamba Luka, mwandishi wa Matendo, na mtunzi wa juzi wameketi meza moja.

Pengine neno lenyewe linachangia. Riwaya tumeipata kwa Waarabu, na kwao mzizi wake unahusu kuteka maji na kukata kiu. Mnyama aliyebeba viriba vya maji aliitwa kwa neno la mzizi huohuo, na vivyo hivyo mtu aliyebeba mashairi ya mshairi kichwani na kuyafikisha kwa wengine. Kazi yake ilikuwa kufikisha alichopokea. Mpaka leo Waislamu wakisema Kurani inasomwa kwa riwaya ya Hafs, mmoja wa waliopokea na kufikisha usomaji wake, wanazungumzia mapokezi, wala hakuna aliyebuni kitu. Baadaye neno hilohilo likapewa kazi ya sanaa, ambayo mtunzi wake ana ruhusa ya kuyatoa maji kisimani kwake mwenyewe. "Hadithi" nayo imebeba mizigo miwili: Hadithi za Mtume, na hadithi za sungura na fisi. Kwa hiyo simlaumu sana dada yule.

Lakini tofauti ipo, na Kanisa liliiona mapema. Katika karne ya 2 yalienea Matendo ya Paulo na Thekla. Thekla ni binti wa Ikonio aliyeposwa na Thamiri. Anaketi dirishani siku tatu mchana na usiku akimsikiliza Paulo akihubiri nyumba ya jirani, na uchumba unamtoka moyoni. Paulo anapofungwa, Thekla anavua bangili zake usiku na kumpa bawabu wa nyumbani, anampa mlinzi wa gereza kioo chake cha fedha, anaingia na kuibusu minyororo ya mtume. Nikifika kwenye kioo kile huwa nasimama kidogo. Binti anatoa kitu anachojitazamia uso wake ili akamsikilize mfungwa! Aliyeandika hayo alijua kusimulia mapenzi na imani.

Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago, akiandika mnamo mwaka 200 hivi, anasema mtunzi alikuwa mzee wa kanisa huko Asia. Alipobanwa alikiri kwamba aliandika kwa kumpenda Paulo, akaondoka katika cheo chake. Kwa Tertullian ubaya ulikuwa kwamba maandishi yale yalibeba jina la Paulo isivyo halali, na watu wakayatumia kama ushahidi kwamba wanawake waliruhusiwa kufundisha na kubatiza. Riwaya ya leo ina jina la mtunzi kwenye jalada, kwa hiyo siiweki kapu moja na apokrifa, yaani maandishi kama hayo ya Thekla yasiyoingizwa katika Biblia. Wala sikubaliani na wanaoipiga kwa "hadithi za uongo" za 2 Timotheo 4:4. Paulo pale anawasema watu wanaoikwepa kweli. Anayesoma riwaya akijua ni riwaya hajaikwepa.

Kuhusu Prisila, Luka anatuambia alitoka Italia na mumewe baada ya Kaisari Klaudio kuwafukuza Wayahudi Rumi, wakashona mahema Korintho pamoja na Paulo, na huko Efeso wakamchukua mhubiri Apolo wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Paulo naye anawaambia Warumi kwamba wawili hao waliweka shingo zao hatarini kwa ajili yake. Walikutanaje, nani alimpenda mwenzake kwanza, mahari ilikuwa kiasi gani, Biblia haisemi.

Basi dada yangu, yale mahema saba ni mazuri na usiache kuyasimulia. Anza tu na maneno "katika riwaya niliyosoma", mzee wetu asihangaike tena kutafuta aya.