Yoga nidra siyo dawa ya usingizi

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wanaoanza yoga nidra, yaani zoezi la kulala chali huku sauti ikikutajia viungo vya mwili, ni hili: mwalimu, mimi nikiweka rekodi nafika mkono wa kushoto tu nishalala, nikishtuka sauti ilishaisha kitambo, sasa hapo nimefanya au sijafanya? Jibu langu huwa fupi, umelala. Si kosa, na kama ulikuwa hoi basi mwili umepata haki yake, ila yoga nidra bado hujaifanya. Na kwa vile siku hizi kila apu imejaa rekodi za "yoga nidra ya usingizi mnono" naelewa kabisa kwa nini watu wanachanganya, ndiyo maana leo nataka nieleze hiki kitu kinafundishwaje kwa mtu aliyekuja akitafuta moksha, yaani ukombozi wenyewe, siyo aliyekuja kupunguza stresi za kazini tu.

Kwa nje ni jambo rahisi mno. Unalala chali, unafumba macho, husogei, mtu anakuongoza kwa sauti dakika 20 mpaka 40 hivi, kazi yako ni kusikia na kubaki macho kwa ndani. Mwili ulale, wewe usilale. Basi. Lakini hapo kwenye "mwili ulale wewe usilale" ndipo kila kitu kilipo. Upanishadi ya Mandukya, moja ya maandiko ya kale ya Kihindu, ambayo ina aya 12 tu, inasema mtu anapita hali tatu, kuwa macho, kuota na usingizi mzito usio na ndoto, halafu inataja ya nne, turiya, ambayo kwa kweli siyo hali ya kuingia na kutoka kama hizo nyingine bali ni kile kinachokuwepo zote tatu zikija na kuondoka. Sisi wengi tunakijua kipande cha kuwa macho peke yake, tukivuka mpaka wa usingizi tunapotea, na yoga nidra inakuweka palepale mpakani makusudi, mwili umeshavuka, wewe uko upande huu unatazama.

Patanjali naye, mwandishi wa kale wa Kihindi, kwenye Yoga Sutra, kitabu chake cha misingi ya yoga, anaileta kwa upande mwingine. Anasema mateso yanatokana na mwonaji kujichanganya na kinachoonwa. Goti likiuma unasema mimi naumwa, hasira ikipanda unasema ndivyo nilivyo, wazo la kijinga likipita kichwani unalichukua kama vile umelitunga wewe kwa hiari yako. Sura yake ya nne na ya mwisho inaitwa kaivalya, na huko ndiko anakokwenda, mwonaji abaki mwenyewe bila kujipachika kwenye hivyo vitu. Kwa hiyo ukiniuliza mimi kila hatua ya yoga nidra iko pale kwa ajili gani nitakwambia ni ileile moja: kuchukua kitu ambacho maisha yako yote umekiita "mimi" na kukiweka mbele yako ukione.

Kidogo kuhusu historia kwa sababu utakutana na watu wanaokwambia hii ni mbinu ya miaka elfu tano haijaguswa. Jina ni la zamani kweli, kwenye simulizi za Kihindu mungu Vishnu ndiye analala yoganidra juu ya joka Shesha, na Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha yoga cha karne ya 15, inalitumia kumaanisha samadhi, yaani utulivu wa ndani kabisa wa akili. Ila huku kulala chali ukatajiwa viungo kimoja kimoja ni kazi ya karne ya 20, na mwenye nayo hasa ni Swami Satyananda Saraswati, mtawa wa Kihindu na mwanafunzi wa mwalimu wa yoga Sivananda wa Rishikesh, aliyeanzisha shule yake ya yoga mjini Munger, jimbo la Bihar huko India, miaka ya 1960. Alisema ameitoa kwenye nyasa, ibada ya kitantra ambayo mtu anagusa kiungo huku akikiwekea mantra, yaani maneno matakatifu, yeye akaondoa kugusa, akaondoa ulazima wa mantra, ukabaki uangalifu peke yake unaotembea mwilini. Ana kisa chake pia cha ujanani, alikuwa akilinda usiku kwenye shule ya watoto wanaosoma Kisanskriti, alfajiri wanapoanza kuimba yeye kashapitiwa na usingizi, halafu siku moja anazisikia zile beti mahali pengine anashangaa mbona anazijua na hajawahi kujifunza. Wataalamu wa historia ya yoga wanaongeza kwamba ndani yake kuna alama za mbinu za kimagharibi za kulegeza misuli pia, kama ile ya daktari Edmund Jacobson ya miaka ya 1920. Mimi hilo halinisumbui hata kidogo, kinachonihusu ni inakufikisha wapi.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe. Miguu iachane kidogo, mikono mbali na mwili viganja vikitazama juu, kidevu kishuke kidogo shingo isibane. Jifunike, hili watu wanalipuuza halafu baada ya dakika kumi wanasikia baridi kwa sababu mwili ukitulia unapoa, na ukishaanza kuwaza shuka umeshatoka. Kisha unaweka sankalpa, nia, sentensi moja fupi unayoisema moyoni mara tatu kwa maneno yaleyale bila kubadilisha. Hapa ndipo ninapowagawa watu. Anayetaka kuacha sigara aweke ya sigara, poa kabisa, lakini anayesema anatafuta ukombozi halafu sankalpa yake ni kupandishwa cheo, huyo namrudisha akafikiri upya kwanza. Na siyo lazima uipate siku ya kwanza, ukikosa usilazimishe, acha pabaki wazi, itakuja yenyewe na ukiona imekuja usiibadilishe kila wiki.

Halafu mzunguko wa viungo. Unaanza dole gumba la mkono wa kulia, kidole cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano, kiganja, nyuma ya kiganja, kifundo, kiwiko, bega, kwapa, ubavu, nyonga, paja, goti, unashuka mpaka vidole vya mguu vyote, kisha upande wa kushoto vivyo hivyo, kisha mgongo, kisha mbele kuanzia utosini. Sababu ya kuanza na mkono na kukaa sana kwenye vidole na uso Satyananda aliieleza kwa ile ramani ya ubongo ya daktari wa upasuaji Wilder Penfield, inayoonyesha kila kiungo kinachukua eneo gani la ubongo, ambayo mikono na midomo imechukua eneo kubwa kuliko mgongo mzima. Sauti inatakiwa iende haraka kiasi, na hapa rekodi nyingi za mtandaoni zinaharibu, zinakwenda taratibuuu na kinanda nyuma, mtu asilale kwa nini? Kasi ina maana yake. Ukitajiwa "goti" unakuwa goti kwa nukta moja, kabla hujaanza kulifikiria, kulihurumia, kukumbuka lilivyoumia mwaka juzi, umeshaambiwa "muundi". Uangalifu unagusa na kuachia. Ukiifanya kwa muda unaona kitu cha ajabu, kwamba unaweza kuufikia mwili wako sehemu kwa sehemu kama unavyoufikia mguu wa meza, upo pale, unajulikana, na anayeujua hakai gotini wala begani.

Ukimaliza hapo unakuja kwenye pumzi, unahesabu kurudi nyuma kutoka 27, natoa pumzi 27, naingiza pumzi 27, 26, 26, ukipotea unarudi 27 bila kujitukana. Utapotea, kila mtu anapotea.

Kisha vinyume, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote na ndiyo wengi wanaipitia juujuu. Unaambiwa leta uzito, mwili mzima uwe mzito, kisigino kizito, kichwa kizito kinazama sakafuni, mpaka uusikie kweli siyo kuufikiria. Kisha wepesi, mwili wote mwepesi kana kwamba unataka kunyanyuka. Kisha baridi, kisha joto. Kisha maumivu, unakumbuka maumivu yoyote uliyowahi kupata na kuyaleta sasa hivi, kisha raha. Satyananda hapo aliendelea na hatua inayofuata, mimi na wanafunzi wangu wanaotafuta njia hii ndefu naongeza swali moja kati ya vinyume viwili: uzito ulikuja ukaondoka, wepesi ulikuja ukaondoka, je aliyejua yote mawili alibadilika? Nalitamka nanyamaza. Usijibu kwa maneno, ukijibu kwa maneno umerudi shuleni. Kuna mtu atalia hapo bila kujua analia nini, kuna mwingine hatasikia chochote miezi mingi, na wote wawili nawaambia waendelee vilevile kwa sababu machozi nayo ni kitu kinachokuja na kuondoka.

Picha za mwisho zinapita upesi, mshumaa unawaka, kisima kirefu, mawimbi, jangwa, halafu katikati ya hizo unaambiwa uone mwili wako mwenyewe umelala sakafuni. Wengine wanashtuka kidogo. Unarudia sankalpa mara tatu, unarudi kwenye pumzi, kwenye sauti za nje, unachezesha vidole, unageuka ubavu, unakaa. Usikurupuke, hata kama simu inaita.

Kuhusu kulala, turudi kwenye hilo maana ndiyo kesi kubwa. Usifanyie kitandani, mwili unakijua kitanda kazi yake. Usifanye tumbo likiwa limejaa. Chagua saa ambayo uko macho, asubuhi baada ya kuoga ni nzuri. Kama bado unazama, kunja mkono mmoja kiwiko kikiwa sakafuni na kiganja kikielekea juu, ukisinzia tu mkono utaanguka na utakuamsha. Na kila kiungo kikitajwa kitaje na wewe moyoni. Ukishindwa kabisa kaa umeegemea ukuta, haina ubaya.

Watu wa sayansi wananiuliza ushahidi. Upo kiasi. Mwaka 1970 Swami Rama, mwalimu mwingine wa yoga kutoka India, alipimwa mawimbi ya ubongo kwenye taasisi ya Menninger huko Kansas, Marekani, ikaripotiwa kwamba mawimbi yalionyesha usingizi mzito huku yeye akifuatilia kilichosemwa chumbani. Mwaka 2002 watafiti wa Denmark waliwapima walimu 8 wenye uzoefu wakakuta dopamini, kemikali ya ubongo, imeongezeka kwa asilimia 65 sehemu moja ya ndani ya ubongo wakati wa yoga nidra. Watu 8 ni wachache, mmoja ni mchache zaidi, na hata wangekuwa elfu nane wangekuwa wanapima hali ya mwili na ubongo, wakati moksha ni habari ya yule anayezijua hizo hali, kwa hiyo mimi sitegemei grafu kunishawishi na wala sikuuzii kwa grafu.

Wanaouliza kama hii ni kuingia dini nyingine nawaambia hivi: kutajiwa viungo na kuhesabu pumzi hakuhitaji mungu wa mtu yeyote, na rekodi zisizo na mantra wala alama za ibada zipo tele. Ila sitadanganya, wazo la moksha limetoka India, kwenye mafundisho yanayoamini mzunguko wa kuzaliwa na kufa na kuzaliwa tena, na ukitaka safari nzima utakutana nalo. Amua mwenyewe unaishia wapi.

Na walimu. Chunga sana. Hata huo mtandao wa shule za Satyananda una kidonda kikubwa, mwaka 2014 Tume ya Kifalme ya Australia, iliyokuwa ikichunguza unyanyasaji wa watoto kwenye taasisi, ilisikiliza ushahidi wa watu waliodhulumiwa kingono wakiwa watoto kwenye ashram yake, yaani makao ya kiroho, ya Mangrove Mountain huko Australia miaka ya 1970 na 1980. Nafundisha mbinu hii na hilo silifichi, kwa sababu mwanafunzi aliyelala chali amefumba macho anasikiliza sauti ya mtu yuko wazi mno, na anayekutaka umtii yeye badala ya kujitazama wewe, ondoka. Tena kama umewahi kupitia jambo zito, kuumizwa, vita, ajali, ile hatua ya maumivu iruke kabisa na fanya macho yakiwa wazi kidogo, na kama una ugonjwa wa akili unaokufanya usikie au kuona visivyokuwepo usianze bila kuongea na daktari wako kwanza, dawa usiache.

Rekodi yenyewe itumie ileile moja kwa miezi, usihamehame, sauti ukishaizoea akili inaacha kuichambua. Ukifika mahali unajua kinachofuata kabla hakijatajwa, izime siku moja moja ujiongoze mwenyewe kimoyomoyo. Mwanzoni utasahau mguu mzima, endelea tu. Baadaye fupisha, mzunguko mmoja, vinyume viwili, na ule muda uliobaki kaa na lile swali ukiwa umekaa wima siyo umelala. Wengi hapo wanataka niwape rekodi mpya ya "levo ya juu", sina.