Majina ya wahamiaji hayakubadilishwa Ellis Island

Familia nyingi za Marekani husimulia kwamba jina la babu yao lilibadilishwa na afisa wa uhamiaji pale Ellis Island, kituo kilichopokea wahamiaji New York kuanzia 1892 hadi 1954. Masimulizi hayo hayana msingi. Maafisa walihakiki tu orodha ya abiria iliyokwisha kuandaliwa na kampuni ya meli katika bandari ya kuondokea, kama vile Hamburg au Naples, tena wakisaidiwa na wakalimani. Wengi walijibadilishia majina wenyewe baadaye, kazini au walipoomba uraia.

Kwa hiyo, unapofuatilia ukoo, orodha ya abiria ikisema Giovanni (yaani John kwa Kiitaliano) na sensa ya Marekani ikisema John, zote mbili huenda zinamhusu mtu yule yule. La kuuliza ni nani aliyetoa maelezo, na lini. Sensa ya 1940 hujibu yenyewe: karani alitia alama ya X ndani ya duara kando ya jina la mwanakaya aliyehojiwa. Umri na tahajia zikigongana, na kwa maoni yangu huo ni ushahidi dhaifu, orodha za kuanzia 1907 zina safu yenye thamani kubwa zaidi: jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyebaki nchini alikotoka mhamiaji.