Je, wajua kwa nini punda huzaa, lakini nyumbu ni tasa?

Ukipita vichochoro vya mji wa kale wa Lamu, hukosi kumpisha punda aliyebeshwa mchanga au mawe ya kujengea. Karibu kila seli ya mwili wa punda huyo ina kromosomu 62, yaani nyuzi zinazobeba maagizo ya urithi. Nyuzi hizo ni jozi 31: katika kila jozi, moja imetoka kwa mama, nyingine kwa baba. Seli yenye seti mbili namna hii huitwa diploidi. Nawe unayempisha u diploidi vilevile, ila zako ni 46.

Kwa nini ziwe mbilimbili? Seli inapotengeneza yai au mbegu ya kiume, kila kromosomu hulala ubavuni mwa mwenzake, hubadilishana vipande, kisha huachana naye. Yai hubaki na 31, mbegu ya dume 31. Zikikutana, kihongwe anapata 62 zake kamili. Pasingekuwa na kugawana huko, angezaliwa na 124, na mtoto wake 248!

Na hapa ndipo penye uhondo. Kila jozi hugawanyika bila kuifuata nyingine, kwa hiyo punda mmoja anaweza kupanga mafungu zaidi ya bilioni 2 yasiyofanana, kabla hata hatujahesabu vile vipande vilivyobadilishana. Basi usishangae vihongwe wa baba mmoja na mama mmoja wakitofautiana rangi, kimo na hata tabia.

Sasa mchukue nyumbu, yule wa mizigo, si wa mbugani. Baba yake punda, mama yake farasi mwenye kromosomu 64. Hesabu ni 31 na 32: jumla 63. Mwili wake una nguvu na afya, maana seli zake za kawaida hazihitaji kuzipanga kromosomu kwa jozi. Kazi hukwama zinapotengenezwa mbegu au mayai. Za punda na za farasi zimeundwa tofauti, hazioani vizuri, na moja haina mwenzake kabisa. Nyumbu jike waliowahi kuzaa ni wachache mno.

Ndizi nyingi tunazokula zina mkasa unaokaribiana na huo: seti zake ni tatu, kromosomu 33. Tatu hazigawanyiki sawa kwa mbili, mbegu hazikui, na mkulima hupanda chipukizi.